Jina Jema Katika Daftari la Madeni

Kila mwenye duka mtaani ana daftari lake. Humo huandika nani alichukua sabuni, nani chumvi, nani kilo mbili za sukari, na siku gani aliahidi kulipa. Daftari hilo ni dogo, lakini lina nguvu. Mtu mwenye jina safi humo, hata akija mikono mitupu, hupewa unga naye hulipa mwisho wa mwezi. Mwenye jina baya hujibiwa: «Kukopa leo hapana, uje kesho.» Na kama mwenye duka amekosa, akaandika deni la jirani chini ya jina lako, dawa yake ni nyepesi. Wamwendea, mwakaa pamoja, mwahesabu, naye afuta. Yeye akujua wewe, nawe wamjua yeye.

Lakini itakuwaje kama daftari hilo limewekwa katika mji usioufahamu, likiandikwa na watu wasioujua uso wako, na likisomwa na benki, na mwenye nyumba, na muuza magari, nawe hupo? Na kama humo mmeandikwa uongo juu yako, utamwendea nani?

Hilo si fumbo, wasomaji wapenzi. Ndiyo hali ya watu wote wa Marekani, na pamoja nao maelfu ya jamaa za Kikongo waliofika huko, wengi wao wakitoka katika kambi za wakimbizi za Uganda, Tanzania, Burundi na Rwanda. Wako Louisville, wako Houston, wako Portland. Wengi wetu tuna mtoto, shangazi au rafiki kati yao, na mara nyingi hutupigia simu kusema: «Tumenyimwa nyumba, wala hatujui sababu.» Pengine sababu ni neno moja la uongo katika daftari kubwa. Yafaa basi tujue daftari hilo ni nini, na jinsi mtu anavyoweza kulisahihisha kwa haki, bila hila na bila kumlipa tapeli.

DAFTARI HILO LILIANZAJE?

Mwaka 1837 biashara ya Marekani ilianguka vibaya. Katika mji wa New York walikuwako ndugu wawili, Arthur na Lewis Tappan, wauza hariri. Walizoea kuwakopesha wafanya biashara wa mbali. Wale waliposhindwa kulipa, nyumba ya Tappan nayo ikaanguka. Huyu Lewis ndiye aliyepigania uhuru wa watumwa, tena mwaka 1839 aliwasaidia Waafrika waliokamatwa pamoja na meli Amistad. Katika hasara yake alijifunza neno moja: akopeshaye hana budi kujua amkopeshaye ni nani. Mwaka 1841 akafungua ofisi. Watu wa miji mbalimbali, wengi wao mawakili, walimwandikia habari za wafanya biashara wa kwao: fulani ni mwaminifu, fulani ana mali, fulani ni mlevi. Habari hizo zilinakiliwa katika vitabu vikubwa, na waliolipa ada walikuja kusomewa.

Mwaka 1899, katika mji wa Atlanta, ndugu wawili wengine, Cator na Guy Woolford, walianza kukusanya habari za watu wa kawaida na kuwauzia wenye maduka, ili wajue nani hulipa vizuri na nani huchelewa. Kampuni yao leo yaitwa Equifax. Pamoja na Experian na TransUnion, ndizo ofisi tatu kubwa za kumbukumbu za mikopo katika Marekani. Yafaa kukumbuka hivi: hizo si ofisi za serikali. Ni kampuni za biashara, na bidhaa zao ni habari za watu.

Kwa miaka mingi mwananchi hakuwa na haki ya kuona yaliyoandikwa juu yake. Alinyimwa kazi au bima au mkopo, akabaki kushangaa. Mambo yaligeuka tarehe 26 Oktoba 1970, Rais Richard Nixon alipotia sahihi sheria ya haki katika kumbukumbu za mikopo. Sheria hiyo, iliyoanza kutumika mwaka 1971 na kuongezwa nguvu mara kadhaa, yasimama juu ya mambo mawili: mtu ana haki ya kujua yaliyoandikwa juu yake, na ana haki ya kuyapinga yakiwa si kweli.

KUMEANDIKWA NINI NDANI?

Hati ya mikopo yaonyesha jina lako, mahali ulipokaa, tarehe ya kuzaliwa na namba yako ya serikali. Kisha yataja kila mkopo: nani alikukopesha, kiasi gani, na kila mwezi kama ulilipa kwa siku yake au ulichelewa. Yataja pia madeni yaliyokwisha kukabidhiwa kwa wakusanya madeni, na majina ya waliokuja kuuliza habari zako. Mshahara wako hauandikwi humo, wala dini yako, wala kabila lako.

Kutoka katika hati hiyo mashine hupiga hesabu na kutoa alama. Alama zinazotumika zaidi zaanza 300 na kuishia 850. Katika hesabu ya kampuni ya FICO, sehemu kubwa kuliko zote, yaani 35 katika 100, yatokana na kulipa kwa wakati. Na 30 katika 100 yatokana na ukubwa wa madeni uliyo nayo sasa. Mtu mwenye alama za juu hukopeshwa kwa riba ndogo. Mwenye alama za chini hulipa riba kubwa kwa gari lilelile, au hukataliwa kabisa. Mwenye nyumba huzitazama kabla ya kumpa mpangaji ufunguo. Hata mwajiri aweza kuiomba hati hiyo, mradi mwombaji wa kazi amekubali kwa maandishi.

Kwa wakimbizi wengi, deni la kwanza lililoandikwa humo lilikuwa lile la safari. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji liliwapa tiketi za ndege kwa mkopo usio na riba, nao wakaanza kuulipa kidogo kidogo miezi michache baada ya kufika. Aliyelipa kila mwezi alijijengea jina. Lakini tuseme mama mmoja amehama kutoka nyumba moja hadi nyingine, na barua za deni zikaendelea kupelekwa kwenye nyumba ya kwanza. Au tuseme amelipa, lakini karani akaandika malipo yake chini ya jina la mwingine. Mama huyo alala usingizi mwema, na huku jina lake laharibika.

MAKOSA YATOKA WAPI?

Mtu asiseme: «Vyombo vya Wamarekani havikosi.» Mwaka 2012 Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani ilimaliza uchunguzi wake juu ya jambo hili. Watu 1,001 walisaidiwa kusoma hati zao moja baada ya nyingine. Watu 26 katika kila 100 waliona humo walau kosa moja liwezalo kuwadhuru. Watu 5 katika kila 100 walikuwa na makosa mazito hata yangeweza kuwatoza zaidi katika mikopo. Na lisikilizeni hili kwa makini: kati ya waliopinga makosa hayo, wanne katika kila watano walipata marekebisho. Yaani, aliyenyamaza alibaki na kosa; aliyesema, mara nyingi alisikilizwa.

Makosa hayo hutoka katika milango minne.

Mlango wa kwanza ni majina kufanana. Sisi Wakongo twapaswa kuogopa mlango huu kuliko wengine. Kwetu mtu ana jina, jina la pili na jina la ubatizo. Wamarekani wataka jina la kwanza na jina la ukoo. Leo karani mmoja aandika Furaha Bahati, kesho mwingine aandika Bahati Furaha, na mtondo jina moja laachwa kabisa. Zaidi ya hayo, wakimbizi wengi wasiojua siku yao ya kuzaliwa waliandikiwa tarehe 1 Januari. Basi watu wawili wenye majina sawa na siku moja ya kuzaliwa wakiwa katika mji mmoja, ni rahisi mashine kuwashona pamoja kama mtu mmoja. Mmoja akopa, mwingine adaiwa.

Mlango wa pili ni makarani wa benki na maduka, ambao huandika vibaya kiasi cha deni au siku ya malipo, au husahau kutaja kwamba deni limekwisha.

Mlango wa tatu ni kuuzwa kwa madeni. Katika nchi ile deni ni kama bidhaa: mkopeshaji aliyechoka kungoja aweza kuliuza kwa mkusanya madeni. Hapo deni moja huweza kuonekana mara mbili, kana kwamba mtu adaiwa na watu wawili.

Mlango wa nne ni wizi. Mtu mwovu achukua jina na namba ya mwingine, akopa, kisha atoweka.

Tutoe mfano uliofika mahakamani. Mwaka 2011, katika jimbo la California, mtu mmoja alikwenda kununua gari pamoja na mkewe. Muuza magari aliomba hati yake kwa TransUnion, kisha akakataa kumwuzia. Kwa maana hati ilisema kwamba huenda mtu huyu yumo katika orodha ya serikali ya magaidi na wauza madawa ya kulevya. Gari likanunuliwa kwa jina la mke. Kosa lilikuwa nini? Jina lake la kwanza na la ukoo yalifanana na ya mtu wa orodha ile, basi. Hawakulinganisha hata siku ya kuzaliwa. Ilionekana kwamba watu 8,185 walikuwa wametiwa alama hiyo katika hati zao. Shauri lilipanda mpaka mahakama iliyo juu ya zote, nayo mwaka 2021 iliamua kwamba 1,853 tu kati yao wana haki ya kulipwa, kwa kuwa habari zao zilikuwa zimekwisha kupelekwa kwa wengine. Wale ambao uongo ulibaki umelala katika mashine hawakupata kitu.

Tupate fundisho hapa. Ni heri kuutafuta uongo ungali umelala. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

JINSI YA KUPINGA KOSA

Kazi hii haidai wakili wala haidai feza nyingi. Yadai subira, kalamu na utaratibu. Tuzipange hatua zake.

1. Omba hati zote tatu. Ofisi tatu hazina daftari moja; kosa laweza kuwapo kwa moja lisiwepo kwa nyingine. Sheria ya mwaka 2003 ilimpa kila mtu haki ya kupata hati yake bure kwa kila ofisi mara moja kwa mwaka. Na tangu mwaka 2023 ofisi hizo zimekubali kuitoa bure hata kila juma kwa njia ya intaneti. Anwani iliyo rasmi ni moja tu, AnnualCreditReport.com. Tena, mtu aliyenyimwa mkopo kwa sababu ya hati yake hupewa barua ya kumjulisha, itajayo ofisi iliyotoa hati hiyo. Barua hiyo asiitupe: yampa siku 60 za kuomba hati bure kwa ofisi ile.

2. Soma kwa kalamu mkononi. Anza na jina, nyumba ulizokaa na tarehe ya kuzaliwa. Nyumba ambayo hukukaa kamwe ni dalili kwamba umechanganywa na mwingine. Kisha pitia madeni, moja moja. Uliza: Deni hili ni langu? Kiasi ni hiki? Nililipa siku gani? Limeandikwa mara mbili? Limepita muda wake? Kwa maana kuchelewa kulipa hakuna ruhusa kukaa katika hati zaidi ya miaka 7, na kufilisika zaidi ya miaka 10. Na juu ya madeni ya hospitali, tangu mwaka 2022 ofisi tatu hizo ziliacha kuandika yale yaliyokwisha kulipwa, na tangu mwaka 2023 yale ambayo mwanzo wake hayakufika dola 500.

3. Kusanya ushahidi. Stakabadhi ya malipo, hati ya benki, barua ya mkopeshaji isemayo kwamba deni limekwisha, nakala ya kitambulisho. Hapo ndipo aliyetunza karatasi zake hucheka, na aliyezitupa hulia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na kulipa bila stakabadhi ni hivyohivyo.

4. Andika barua. Mtu aweza kupinga kwa intaneti au kwa simu, lakini barua ina faida yake: yabaki ushahidi. Ipelekwe kwa rejista, ili aipokeaye atie sahihi. Barua iende kwa kila ofisi yenye kosa lile. Usipeleke karatasi zenyewe, peleka nakala. Barua huandikwa kwa Kiingereza, na maana yake iwe wazi namna hii:

«Mabwana, nimesoma hati yangu ya tarehe fulani. Humo mmeandikwa kwamba nadaiwa dola 840 na duka fulani, hesabu namba fulani. Jambo hilo si kweli. Deni hilo nililimaliza mwezi wa Machi. Naambatisha nakala ya stakabadhi, na nakala ya hati yenu ambayo nimezungushia kosa hilo kwa wino. Naomba mchunguze na kulisahihisha, nanyi mnijibu kwa maandishi.»

Yatosha. Haifai kutukana, wala kusimulia mateso ya miaka yote. Kila kosa litajwe peke yake, pamoja na ushahidi wake. Yeye asemaye «hati yangu yote ni mbaya, futeni» hajasema neno.

5. Mwandikie pia aliyetoa habari. Kama benki ndiyo iliyoandika vibaya, nayo ipelekewe barua. Ofisi ya kumbukumbu ikifuta, lakini benki ikaendelea kuleta habari ileile, kosa laweza kurudi kama magugu yaliyokatwa bila kung'olewa mizizi.

6. Hesabu siku. Ofisi ikipokea barua, ina siku 5 za kazi za kumjulisha mtoa habari, na kwa kawaida siku 30 za kuchunguza. Siku hizo huongezwa kufika 45 kama umepeleka ushahidi mwingine katikati, au kama ulipinga baada ya kupata ile hati ya bure ya mwaka. Habari ikionekana ni ya uongo, au ikishindikana kuthibitishwa, sheria yaamuru isahihishwe au ifutwe. Uchunguzi ukiisha, ofisi yapaswa kukuandikia matokeo katika siku 5 za kazi, na kukupa hati mpya bure kama kitu kimebadilika.

NA WAKIKATAA?

Hutokea kwamba ofisi yajibu: «Tumechunguza, habari ni sahihi.» Mtu asikate tamaa mara moja, wala asirudie barua ileile neno kwa neno, kwa maana ofisi ina ruhusa ya kuliacha lalamiko lisiloleta jambo jipya. Atafute ushahidi mwingine, kisha aandike tena. Tena ana haki ya kuweka katika hati yake maelezo mafupi, ambayo ofisi yaweza kuyawekea mpaka wa maneno 100, ili kila asomaye ajue kwamba habari ile yabishaniwa. Aweza kupeleka lalamiko kwa ofisi za serikali zinazowalinda wateja. Na mwisho iko mahakama. Mwenye kushinda chini ya sheria hii aweza kulipiwa hata ujira wa wakili wake. Lakini shauri lazima lifunguliwe katika miaka 2 tangu alipogundua kosa, wala lisipite miaka 5 tangu kosa lenyewe.

Mwanamke mmoja wa jimbo la Oregon alinyimwa mkopo mwaka 2009. Kumbe Equifax ilikuwa imechanganya habari zake na za mwanamke mwingine, mwenye jina linalofanana na lake. Alipinga, akapinga tena, kwa muda wa miaka miwili, lakini kosa halikuondoka. Mwishowe alikwenda mahakamani. Mwaka 2013 baraza la wazee wa mahakama liliamuru alipwe dola milioni 18.6, mwaka uliofuata jaji alizipunguza mpaka chini ya milioni 2. Tusitamani dola hizo. Wachache mno huzipata. Tutazame kwamba mwanamke yule alikuwa na jambo la kusema mbele ya jaji: nililalamika siku hii, na siku hii, na siku hii.

YALIYO KWELI HAYAFUTIKI

Hapa yafaa tuseme wazi, kwa sababu ndipo wengi wanaponaswa. Haki ya kupinga ni kwa ajili ya uongo. Kama kweli ulikopa na kweli hukulipa, hakuna barua, hakuna wakili, hakuna fundi wa hati awezaye kulifuta neno hilo kwa haki kabla ya muda wake. Dawa ya deni ni kulipa. Mtu alipe lile lililochelewa, aendelee kulipa mengine kwa siku yake, asikope hata kufika mwisho wa kiasi alichoruhusiwa, na angoje. Mwezi hata mwezi, malipo mema hufunika mabaya, kama majani mapya yafunikavyo shamba lililoungua.

Lakini wako wajanja wasemao: «Nipe dola mia kadhaa, nitalisafisha jina lako katika majuma mawili.» Wengine hupinga kila neno katika hati, la kweli na la uongo, wakitumaini kwamba mtoa habari atachelewa kujibu. Neno hufutwa kwa muda, kisha mtoa habari huthibitisha, nalo hurudi. Na feza za mteja hazirudi. Wengine, walio wabaya zaidi, humwuzia mtu namba mpya, wakimwambia aitumie mahali pa namba yake ya serikali. Atumiaye namba hiyo kuomba mkopo asema uongo mbele ya sheria, naye aweza kufungwa. Kwa mgeni aliyekimbia vita na kungoja miaka kambini, hatari hiyo ni kubwa kuliko deni lo lote.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 yawafunga watu hao kwa kamba tatu. Hawana ruhusa kudai malipo kabla ya kumaliza kazi waliyoahidi. Wapaswa kumwambia mteja kwa maandishi kwamba aweza kufanya kazi hiyo mwenyewe. Na mteja aweza kuvunja mapatano katika siku 3 za kazi, bila kulipa kitu. Basi asemaye «lipa kwanza» amekwisha kujionyesha ni nani.

NASI TULIO HUKU?

Huenda msomaji akauliza: «Hayo ni ya Marekani, yatuhusu nini?» Jambo la kwanza ni kwamba daftari kubwa halikubaki Marekani. Katika Kenya, jirani zetu wa mashariki, mabenki hupeleka habari za wakopaji kwa ofisi zilizoruhusiwa na Benki Kuu. Huko vijana wengi walikopa shilingi chache kwa simu, wakasahau, kisha wakashangaa kukataliwa mkopo au kazi. Kanuni za mwaka 2020 zilikataza mtu kuandikwa vibaya kwa deni lisilofika shilingi 1,000. Huko nako mtu aweza kuomba hati yake bure mara moja kwa mwaka na kupinga kosa alionalo. Popote watu wanapokopeshana bila kujuana uso, daftari la namna hii halikosi kufuata.

Jambo la pili ni desturi ya nyumbani. Hata katika koperativa ya akiba na mikopo ya mtaani, au katika likelemba ya akina mama, jina jema la mtu lategemea maandishi. Mzazi na apate sanduku moja la karatasi: stakabadhi za ada ya shule, za kodi ya nyumba, za mikopo. Akilipa deni, asiondoke bila karatasi yenye tarehe na sahihi, hata kama aliyemkopesha ni shemeji yake. Jina lake liandikwe namna moja katika hati zote, tangu ya ubatizo mpaka ya uchaguzi. Kwa maana yule aandikwaye kwa namna tano mwisho huwa watu watano.

Nanyi wanafunzi, jueni kwamba katika jamaa nyingi zilizohamia Marekani ni mtoto wa shule ndiye asomaye barua zote zinazofika. Baba na mama hawajazoea Kiingereza. Yeye ndiye macho yao. Barua ya deni ikija naye akaiona ya kuchosha, akaitia chini ya kitanda, siku za kupinga zaweza kupita hapo. Akiisoma yote, akaangalia tarehe, akaketi na baba yake kutafuta stakabadhi, aweza kuwaokolea nyumba. Elimu ya kusoma na kuandika haina faida ndogo.

Kwa wale wenye jamaa huko, shauri letu ni hili. Jumapili mtakapozungumza nao kwa simu, baada ya kuulizana habari za afya na za watoto, waulizeni neno moja zaidi: «Je, hati zenu za mikopo mmezisoma mwaka huu, zote tatu?» Wakijibu hapana, waambieni kwamba kuzisoma ni bure. Wakiona kosa humo, waandike. Wakiona kweli inayowauma, waanze kulipa.